Tokibaki na kyu kwenye miksa ya redio: mwongozo kamili kwa fundi mitambo

Mgeni alikuwa ameshakaa mbele ya maiki, hedifoni kichwani, akisubiri wimbo umalizike. Mtayarishaji akaniinamia pale mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mzee ataweza kujieleza au tutafute mwingine kwa simu. Nikaona mgeni anainua macho na kututazama kupitia kioo. Kitufe cha tokibaki, kile kinachopeleka sauti ya chumba cha mitambo masikioni mwa walio studio, kilikuwa kimejishikilia tangu nilipomwambia "karibu, tunaanza baada ya wimbo". Hewani hakikutoka kitu, msikilizaji hakujua lolote. Lakini mahojiano yale yalikuwa dakika ishirini za majibu ya neno moja moja, na haki ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo nikikaa mbele ya miksa najiuliza maswali mawili, na ndiyo ninayowafundisha vijana wanaoanza kazi: sasa hivi ninasikia nini? Na nikifungua mdomo, nani ananisikia? Kyu, yaani kukisikiliza chanzo peke yako kabla hakijatoka hewani, ni jambo la swali la kwanza; tokibaki ni jambo la swali la pili. Fundi anayeweza kuyajibu yote mawili wakati wowote, bila kubahatisha, ameshika sehemu kubwa ya kazi hii.

Ijue sura ya miksa yako

Miksa iliyotengenezwa kwa ajili ya utangazaji haifanani na ile ya jukwaani. Kila chaneli, yaani safu ya vidhibiti vya chanzo kimoja cha sauti, ina fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), vitufe vya kuwasha na kuzima, na vitufe vya kuchagua njia ambayo sauti itapita. Ipo njia kuu inayokwenda kwenye mtambo wa kurushia, ambayo mara nyingi imeandikwa PGM 1, kisha moja au zaidi za kurekodia na kazi za pembeni. Karibu na fada utaona kitufe kilichoandikwa CUE au PFL. Hicho ndicho cha kyu. Pembeni, pasipo na fada za vyanzo, kuna sehemu ya usikilizaji: vifundo vya spika za chumba cha mitambo, spika za studio, hedifoni, spika ndogo ya kyu, pamoja na vitufe vya tokibaki.

Kwenye miksa za zamani za vifundo vya mviringo, ulizungusha kifundo kurudi nyuma mpaka mwisho, kikalia "tik", na chanzo kikahamia kwenye spika ya kyu. Miksa kadhaa za fada zimehifadhi desturi hiyo: ukivuta fada chini kabisa na kuipitisha kidogo pale inapogota, kyu inawaka. Kama yako iko hivyo, kaa macho unaposhusha fada kwa haraka, maana unaweza kuwasha kyu bila kukusudia.

Kama kituo chako kinatumia miksa ya muziki kwa kazi ya redio, simama hapa kwanza. Kitufe kilichoandikwa SOLO kinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa kulingana na mipangilio. Kuna solo inayokupa sauti kabla ya fada, na hiyo haina madhara. Kuna inayokupa sauti baada ya fada, nayo haina madhara. Na kuna ile inayozima chaneli nyingine zote kwenye njia kuu ili ubaki na moja tu. Hii ya tatu ni nzuri kwa fundi anayechanganya muziki uliorekodiwa, lakini ukiibonyeza kipindi kikiwa moja kwa moja, mtangazaji wako anakatika katikati ya sentensi. Ingia kwenye mipangilio, ichague ile ya kabla ya fada, na kama miksa inaruhusu kufunga mpangilio huo, ufunge.

Kyu: kusikia kabla ya msikilizaji

Kyu huchukua sauti kabla haijafika kwenye fada na kabla ya kitufe cha kuwasha chaneli. Kwa hiyo unaweza kusikia kilichomo kwenye chaneli iliyozimwa, fada ikiwa chini kabisa. Lipo na jambo la pili ambalo wengi hulisahau: kusogeza fada hakubadilishi unachosikia kwenye kyu. Ukisikia sauti ni ndogo huko, tatizo liko kwenye gaini, yaani ukuzaji wa sauti inapoingia kwenye chaneli, au kwenye chanzo chenyewe. Nimewaona watu wakipandisha fada ya chaneli iliyozimwa mpaka juu wakitafuta sauti kwenye kyu, kisha wakiwasha chaneli, msikilizaji akapigwa na mlipuko.

Utaratibu wa kuandaa chanzo chochote, uwe wimbo, simu, au laini ya ripota aliye nje, ni huu.

Kwanza hakikisha kwa macho kwamba chaneli imezimwa. Usitegemee kumbukumbu, angalia taa ya kitufe. Kisha bonyeza kyu, na uangalie taa yake imewaka kwenye chaneli uliyoitaka, siyo ya jirani. Sikiliza, huku jicho likiwa kwenye mita. Miksa nyingi huonyesha kyu kwenye mita yake yenyewe, na hapo ndipo unapoweka gaini. Kwenye mifumo ya kidijitali kiwango cha kulinganishia ni −18 dBFS (yaani desibeli 18 chini ya kilele cha mfumo) kwa vituo vinavyofuata EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, na −20 dBFS kwa vinavyofuata SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani. Jua kituo chako kinatumia kipi na ukishike hicho hicho. Ukiridhika, zima kyu. Sasa weka fada mahali pake na usubiri wakati wa kuwasha.

Hapo kwenye "zima kyu" ndipo shughuli ilipo. Miksa nyingi za redio hufuta kyu zenyewe pale chaneli inapowashwa, na kuna zinazofuta kyu ya awali unapobonyeza nyingine. Lakini si zote, na kwenye miksa za kidijitali tabia hii hubadilishwa kwenye mipangilio. Kama yako haifuti, kyu mbili zikiwaka kwa pamoja zinajumlishwa, na utasikia wimbo juu ya simu ukadhani laini ya simu ina kelele. Baya zaidi ni kyu iliyosahaulika kwenye chaneli iliyo kimya. Baada ya nusu saa chanzo kile kinaanza kutoa sauti, wewe unaisikia kwenye spika ndogo, unaruka ukidhani imetoka hewani, na unazima kitu ambacho hakikupaswa kuzimwa.

Kompyuta na nyimbo

Kuna hitilafu moja inayojirudia sana kwenye vituo vidogo, nayo haimo kwenye miksa kabisa. Programu ya kompyuta inayopiga nyimbo ina sehemu ya kusikiliza wimbo kabla ya kuurusha. Ukiubofya wimbo hapo, sauti inatoka kupitia kadi ya sauti ambayo programu imeelekezwa. Kama kompyuta ina kadi moja tu, wimbo unaousikiliza kwa majaribio unapita kwenye njia ile ile ya wimbo ulio hewani, na msikilizaji anasikia nyimbo mbili zikigongana.

Dawa yake ni kadi ya pili ya sauti, hata ile ndogo ya USB. Ielekeze sehemu ya majaribio ya programu huko, kisha ilete kwenye chaneli ya peke yake ambayo haijachaguliwa njia yoyote, uisikilize kwa kyu tu. Na sauti za mfumo wa kompyuta, zile kengele za ujumbe na masasisho, zielekeze huko huko au uzizime kabisa.

Masikio mawili, kazi mbili

Kwenye hedifoni, miksa nyingi zina namna ya kugawanya: sikio moja lisikie kyu, lingine liendelee kusikia kilichopo hewani. Mimi naipendelea sana kwa kazi ya moja kwa moja, kwa sababu kyu ya kawaida inapowaka hukatiza kabisa usikilizaji wako wa njia kuu. Katika sekunde kumi ulizotumia kutafuta mwanzo wa wimbo, mtangazaji anaweza kuwa ametoa jambo ambalo ulipaswa kulisikia. Inachukua siku chache kuzoea. Anza kwa kuweka kyu chini kidogo kuliko njia kuu, sikio litajifunza kulitafuta lile dogo.

Kuhusu sauti kubwa masikioni: hizi ni saa nyingi kila siku, na sikio halirudi likishaharibika. Kipimo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Kila mara kabla hujaweka hedifoni kichwani, teremsha kifundo, kivae, kisha pandisha. Aliyekutangulia zamu anaweza kuwa na masikio yaliyochoka.

Spika ya kyu na maiki iliyo wazi

Maiki iliyo ndani ya chumba inapowashwa, spika za chumba hicho zinapaswa kunyamaza zenyewe na taa nyekundu kuwaka mlangoni. Bila hivyo sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki, inazunguka, na mluzi unaanza. Swali ambalo ni lazima ulijibu kwa kujaribu ni hili: je, spika ndogo ya kyu nayo inanyamaza? Kwenye miksa nyingine inanyamaza, kwenye nyingine hainyamazi mpaka uiwekee mpangilio. Kama unafanya kazi kwenye studio ambayo mtangazaji ndiye fundi, yaani maiki na miksa viko meza moja, hili si jambo la kuahirisha. Ukisikiliza simu ya msikilizaji kwenye spika ya kyu huku maiki yako iko wazi, umemrusha hewani bila kuwasha chaneli yake.

Tokibaki: jua sauti yako inaelekea wapi

Tokibaki ni maiki ambayo haiingii njia kuu. Inaweza kuwa maiki ndogo ya shingo ndefu iliyochomekwa kwenye miksa, au maiki ile ile ya fundi ambayo hubadilishiwa njia unapobonyeza kitufe. Kitufe chenyewe huandikwa TALK au TB, na mara nyingi viko kadhaa, kila kimoja na mahali kinapopeleka: hedifoni za studio, spika za studio, mpigaji simu, ripota wa nje. Chukua dakika tano siku studio iko tupu, mtu mmoja akae ndani, mwingine abonyeze kitufe kimoja kimoja na kuuliza "unanisikia wapi?" Majibu andika kwenye karatasi, ibandike karibu na miksa. Maandishi ya kiwandani kwenye vitufe hayatoshi, maana mafundi waliofunga mitambo mara nyingi wamebadilisha njia.

Kuna vitufe vya kushikilia, vinavyofanya kazi wakati kidole kipo tu, na kuna vya kujishikilia, ambavyo ukibonyeza mara moja vinabaki wazi mpaka ubonyeze tena. Ushauri wangu hauna mashaka: tokibaki iwe ya kushikilia. Miksa nyingine hutumia kitufe kimoja kwa namna zote mbili: ukigusa kwa haraka kinajishikilia, ukibana kwa muda kinazimika ukiachia. Hiyo ndiyo iliyoniponza mimi na yule mgeni. Kama mpangilio wa kujishikilia unaweza kuondolewa, uondoe.

Unapobonyeza tokibaki, spika za chumba chako zinapaswa kushuka zenyewe, ama sivyo sauti yao itaingia kwenye maiki ya tokibaki na mtangazaji atasikia kila kitu mara mbili. Kushuka kwa desibeli 20 hivi kunatosha. Sauti ya tokibaki yenyewe iweke juu kidogo ya kile mtangazaji anachosikia, isipite sana. Mtu anayezungumza hewani akipigiwa kelele sikioni ghafla hushtuka, na mshtuko huo unasikika kwenye sauti yake.

Hatari ya kuvuja

Tokibaki inaweza kutoka hewani kwa njia mbili hata kama miksa iko sawa. Ya kwanza ni spika za studio. Miksa nzuri huzuia tokibaki isiingie kwenye spika hizo wakati maiki yoyote ya studio iko wazi, ikaipeleka kwenye hedifoni tu. Hakikisha kizuizi hicho kipo na kinafanya kazi kwa kila maiki, pamoja na ile ya tatu ya mgeni ambayo haitumiki mara kwa mara. Nimekuta studio ambako maiki mbili zilikuwa zimeunganishwa na kizuizi na ya tatu ilisahauliwa.

Njia ya pili ni hedifoni yenyewe. Mgeni asiyezoea huivua na kuiweka mezani, karibu kabisa na maiki, au huivaa sikio moja na lingine likabaki linaimba nje. Tumia hedifoni zilizofungwa nyuma, na umfundishe mgeni kabla ya kuanza: kama hataki kuivaa, izime kwenye kifundo chake. Dakika moja ya kumwelekeza mgeni inaokoa mengi.

Namna ya kusema sikioni mwa mtu

Sehemu hii haimo kwenye kitabu cha miksa, lakini ndiyo inayotofautisha fundi ambaye watangazaji wanamwomba na yule wanayemvumilia.

Mtangazaji akiwa hewani, akili yake inafanya kazi mbili tayari: anasema na anafikiri atakachosema. Wewe unaongeza ya tatu. Kwa hiyo sema maneno machache mno, na sema wakati hasemi. Akimuuliza mgeni swali, subiri mgeni aanze kujibu, ndipo ubonyeze. Usimwingilie akiwa anauliza, wala akiwa anasoma namba, majina au taarifa ya msiba.

Bonyeza, subiri kidogo, kisha sema. Wengi huanza kusema pamoja na kubonyeza, na silabi ya kwanza inamezwa, hasa pale laini inapopita kwenye mtandao. "Dakika mbili" inayosikika "kika mbili" ni afadhali, lakini "usimtaje" iliyokatika ikabaki "mtaje" ni balaa. Ndiyo maana maagizo ya kukataza huwa nayapa umbo lisilotegemea silabi ya mwanzo: badala ya "usimtaje jina", sema "acha jina".

Msimulize kile kinachokuja, siyo kilichoharibika. "Simu ipo tayari, Asha, chaneli ya nne" kinamsaidia. "Jamani laini ilikatika halafu nikajaribu tena ikagoma" hakimsaidii kitu, kinamtia wasiwasi tu. Muda utaje kwa kushuka: tatu, mbili, moja, nusu, malizia. Mkubaliane maneno hayo kabla na msiyabadilishe.

Na usimuulize swali linalohitaji jibu la mdomo wakati maiki yake iko wazi. Kama unahitaji jibu, mpe swali la kichwa: "nimpe simu? tikisa kichwa." Studio nyingi pia zina kitufe mezani kwa mtangazaji ambacho kinakata maiki yake kutoka hewani na kumpeleka kwenye spika yako ya kyu. Jirani yake kuna kitufe cha kukohoa, ambacho kinakata maiki tu bila kumpeleka popote. Mwonyeshe mtangazaji mgeni tofauti ya vitufe hivyo viwili, na mfanye mazoezi. Lakini hata akitumia cha kuongea nawe, maiki ya jirani yake iliyo wazi itamsikia. Hapo ishara ya mkono inabaki kuwa salama kuliko yote.

Simu na ripota wa nje: kila mtu asikie wote isipokuwa yeye mwenyewe

Mpigaji simu anahitaji kumsikia mtangazaji, mgeni na wimbo. Hapaswi kujisikia mwenyewe. Ukimpelekea njia kuu nzima, sauti yake inarudi kwake ikiwa imechelewa, na kuchelewa huko kunavuruga ulimi: takriban milisekunde 200 ndizo zinazosumbua zaidi usemi wa binadamu, mtu anaanza kuvuta maneno na kugugumia kama amelewa. Siyo mtu huyo ana tatizo; ni wewe umemrudishia sauti yake mwenyewe.

Suluhisho ni mchanganyo wa kila kitu toa yeye, ambao mafundi huuita miksi-mainasi. Miksa za redio za kisasa huutengeneza zenyewe kwa kila chaneli ya simu. Kwenye miksa isiyo nao, chukua njia ya ziada, ipelekee maiki na muziki, na ile chaneli ya simu iache sifuri. Ukiwa na simu mbili unahitaji njia mbili: kila moja ina yote isipokuwa simu yake, ndipo wapigaji hao wasikilizane.

Jambo zuri la miksa nyingi ni kwamba mchanganyo huo hubadilika kulingana na hali ya chaneli. Chaneli ikiwa imezimwa, mpigaji husikia maandalizi, na tokibaki yako inamfikia. Ikiwashwa, anahamia kwenye kipindi. Kwa hiyo hatua ni hizi:

Pokea simu, chaneli ikiwa imezimwa. Bonyeza kyu ili umsikie, kisha bonyeza tokibaki ya simu na umsalimie. Mwambie ajitambulishe na azime redio iliyo karibu naye, akusikilize kwenye simu peke yake. Redio ile ikibaki inapiga, sauti itarudi hewani kupitia simu yake. Wakati anaongea, weka gaini kwa mita. Muulize swali moja la maana: "unajisikia mwenyewe ukirudi?" Akijibu ndiyo, usimpandishe hewani mpaka umetafuta chanzo. Kisha mwambie, "sasa utamsikia mtangazaji, ukitajwa jina anza kusema." Achia tokibaki, zima kyu, mjulishe mtangazaji, subiri.

Hapa nasisitiza jambo la heshima. Mtu aliye kwenye laini akisubiri anasikia zaidi ya unavyodhani. Mazungumzo yenu kuhusu yeye, kicheko chenu, na hata kimya chenu kinamfikia kama tokibaki iko wazi. Mpe taarifa kila baada ya muda: "bado dakika tatu, usikate."

Ripota wa nje anafanana na mpigaji simu, ila ana sikio la kazi: anasikia kipindi toa yeye, na unapobonyeza tokibaki, kipindi kinashuka au kukatika ili akusikie wewe. Jua laini yake ina ucheleweshaji gani. Kwa setilaiti iliyo juu ya ikweta kwa kilomita 35,786, sauti kwenda juu na kurudi chini inachukua karibu robo sekunde, na jibu lake linachukua robo nyingine kurudi kwako. Kwa hiyo usimhesabie "tatu, mbili, moja" kama aliye studio. Mtangazaji ampe swali, anyamaze kabisa, asirudie swali kwa kudhani hakusikika.

Usimpe mtangazaji sauti ya redio yenyewe

Zamani ilikuwa kawaida mtangazaji kusikiliza hedifoni kutoka kwenye redio halisi, ili ajue kwamba mtambo unarusha. Kwa FM ya kawaida isiyo na vifaa vya kuchelewesha, inawezekana. Lakini mitambo ya kidijitali ya kuchakata sauti huchelewesha kidogo, na sauti yako mwenyewe ikikurudia kwa kuchelewa milisekunde 10 hivi huanza kusikika kama ya ndani ya mtungi, kwa sababu inagongana na ile inayopita kwenye mifupa ya kichwa chako. Redio ya kidijitali, utiririshaji wa intaneti, na kifaa cha kuchelewesha kwa ajili ya kukata matusi huongeza sekunde nzima nzima. Hapo mtangazaji asikilize njia kuu, na wewe fundi uweke mahali pengine, kwa mita na taa ya tahadhari, uangalizi wa kile kinachotoka kweli hewani. Ugeukie mara kwa mara. Njia kuu ikiwa na sauti nzuri haimaanishi kwamba mtambo unarusha.

Jaribio la kurekodi

Kabla ya kuiamini studio mpya, au baada ya mtu yeyote kugusa nyaya au mipangilio, nafanya jaribio moja ambalo halijawahi kunidanganya. Linachukua robo saa na linahitaji mtu wa pili.

Anza kurekodi njia kuu, ile ile inayokwenda kwenye mtambo. Washa maiki zote za studio, mwenzako akiwa kimya ndani, hedifoni mezani. Bonyeza kila kitufe cha tokibaki, kimoja kimoja, ukitaja jina lake kwa sauti: "hii ni ya hedifoni za studio", "hii ni ya simu ya pili". Kisha weka wimbo kwenye chaneli iliyozimwa, uisikilize kwa kyu, kwenye spika na kwenye hedifoni. Fanya hivyo kwa kila chaneli. Piga simu ya majaribio, iweke kwenye kyu, zungumza nayo. Bofya sehemu ya majaribio ya programu ya nyimbo. Mwambie mwenzako abonyeze kitufe cha kuongea nawe, kisha cha kukohoa.

Simamisha, usikilize rekodi kwa sauti ya juu. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikitaja jina la kitufe, umepata tundu, na jina lake umeshalitaja. Mara moja nilisikia kwenye rekodi sauti ndogo mno, kama mtu anazungumza nyumba ya tatu. Ilikuwa hedifoni mezani. Tukaweka kikomo cha sauti kwenye kifundo chake na tatizo likaisha.

Ikigoma katikati ya kipindi

Hakuna sauti kwenye kyu: angalia kifundo cha kyu kwanza, kisha kama hedifoni imeelekezwa kusikiliza kyu, kisha chanzo. Kyu inasikika lakini chaneli ikiwashwa haitoki hewani: njia kuu haijachaguliwa kwenye chaneli hiyo, na ndiyo sababu inayopatikana mara nyingi kuliko zote. Mpigaji analalamika mwangwi: kwanza redio yake, kisha miksi-mainasi yako, kisha hedifoni ya mtangazaji inayovuja kwenye maiki. Mtangazaji haisikii tokibaki: muulize kwa ishara kama anasikia kipindi, kama hakisikii pia, ni hedifoni, kama anakisikia, ni njia ya tokibaki. Mluzi ukianza, shusha spika, usihangaike na maiki. Spika hazimhusu msikilizaji, maiki inamhusu.

Na ukimkabidhi mwenzako zamu, futa kyu zote, achia tokibaki zote, shusha kifundo cha hedifoni, kisha mwambie kwa mdomo ni laini zipi zina watu wanaosubiri na wanasikia nini.